Somo lisilo na mtihani ndilo linalomjenga mtoto

UKISAFIRI kwa matatu kutoka Eldoret kwenda Kitale, utapitia Moi's Bridge, mji ulio karibu na mto Nzoia, mpakani mwa kaunti za Uasin Gishu na Trans Nzoia. Wazee wa huko hawajasahau jina lake la kale, Hoey's Bridge, lililotokana na mlowezi wa Kizungu, Arthur Cecil Hoey, aliyejenga daraja juu ya mto huo wakati wa ukoloni. Reli iliyofika Kitale mwaka 1926 ilipitia hapo, na maghala ya Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao (NCPB) ni sehemu ya sura ya mji.

Mkulima yeyote wa Moi's Bridge atakueleza kwamba mahindi mabichi hayapokelewi ghalani. Unyevu ukizidi asilimia 13.5, hurudishwa. Gunia linaweza kupendeza kwa nje ilhali ndani kuvu imeanza kazi yake. Wala hakuna mkulima anayekausha mahindi kwa kuyahutubia. Huyaanika, huyageuza, huyaanua mvua ikitisha, na kesho huanza upya.

Msomaji mpenzi, watoto wetu ndio tunaowahutubia. Wanapokusanyika gwarideni asubuhi huambiwa wawe na nidhamu, wawe na ujasiri, wawe na mtazamo mwema kuhusu maisha. Kisha kengele hulia, nao hurudi darasani kwa hisabati. Je, ujasiri na busara haviwezi kufundishwa kwa mazoezi, kila wiki, kama kusoma na kuandika? Na kama vinaweza, mbona kipindi chake ndicho cha kwanza kunyang'anywa?

HUZUNI YA MWAKA 2021

Swali hili si la mzaha katika sehemu hizi. Mwaka 2021 Moi's Bridge ilitajwa katika magazeti yote kwa jambo la kuhuzunisha: wasichana kadhaa wa umri wa kwenda shule walikuwa wameuawa kwa nyakati tofauti, na miili yao ikapatikana mjini na viungani mwake. Mwezi wa Julai mwaka huo polisi walimkamata mwanamume mmoja, akafikishwa kortini mjini Eldoret.

Tuseme wazi hapa. Lawama ya uhalifu ni ya mhalifu, si ya mtoto wala mzazi wake. Kulinda watoto ni kazi ya polisi, ya serikali na ya watu wazima wote. Hakuna somo linaloweza kuchukua mahali pa ulinzi huo. Hata hivyo, msiba wa namna hiyo huwaachia wazazi maswali mazito. Je, mtoto wangu anajua kumkataa mtu mzima anayemtia wasiwasi? Je, akiona jambo lisilo la kawaida, anaye mtu wa kumwambia? Na akimwambia, ataaminiwa au atakaripiwa?

Majibu ya maswali haya hayapatikani katika hotuba. Yanapatikana katika kile ambacho wataalamu huita stadi za maisha.

STADI ZA MAISHA NI NINI?

Mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo wa kufundisha stadi za maisha shuleni. Mwongozo huo ulitaja stadi kumi, zinazokwenda mbili mbili: kufanya uamuzi na kutatua matatizo, kufikiri kwa ubunifu na kuchambua mambo kwa makini, kuwasiliana vyema na kuishi vizuri na watu, kujitambua na kumwelewa mwenzako, na mwishowe kumudu hisia na kumudu mifadhaiko.

Ukizitazama, utaona kwamba si mambo mageni. Wazee wetu walizifundisha jikoni, malishoni, jandoni na katika hadithi za jioni. Tofauti ni kwamba siku hizi mtoto huondoka nyumbani alfajiri, hurudi jioni amechoka, na wazazi nao hurudi baada yake. Nyanya aliyekuwa akisimulia hadithi yuko kijijini Bungoma, mjukuu yuko katika nyumba ya kupangisha mjini. Shule imebaki na mtoto kwa saa nyingi kuliko mtu mwingine yeyote. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, lakini kabla ya ulimwengu kumfikia, angalau shule ipate nafasi.

MTAZAMO MWEMA SI KUTABASAMU TU

Neno hili, mtazamo mwema, limetumiwa vibaya mara nyingi. Wako wanaodhani ni kumwambia mtoto mwenye njaa acheke, au kumwambia msichana anayesumbuliwa avumilie kwa sababu subira huvuta heri. Huo si mtazamo mwema. Huo ni kumfunga mtoto mdomo.

Chukua mfano wa mvulana wa Gredi 7 aliyepata alama 20 kwa 100 katika hisabati. Mmoja atasema, "Mimi ni mbumbumbu, kwetu hakuna anayejua hesabu." Mwingine atasema, "Sehemu sijazielewa bado. Nitamwuliza mwalimu kesho." Wote wawili wameumia. Wa pili amebakiwa na njia. Mtazamo mwema ni kuamini kwamba hali inaweza kubadilika, pamoja na kujua hatua ya kwanza ya kuibadilisha. Ukimpa mtoto imani bila hatua, umempa maneno matupu.

KWA NINI NI SUALA LA AFYA

Huenda unajiuliza kwa nini habari za shule zinaingia katika ukurasa wa afya. WHO hueleza kwamba karibu theluthi moja ya matatizo ya akili huanza kabla ya mtu kutimiza miaka 14. Nchini Kenya, uchunguzi wa kitaifa kuhusu afya ya akili ya vijana wa miaka 10 hadi 17, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2022, ulionyesha kwamba takriban vijana 44 kati ya kila 100 walikuwa wamepatwa na tatizo fulani la kiakili katika miezi 12 iliyotangulia. Takriban 12 kati ya 100 walikuwa na dalili za kutosha kuitwa ugonjwa.

Watoto hawa si wa kutafutwa mbali. Ni yule aliyekuwa akicheza kandanda na sasa hujikalia pembeni. Ni yule anayelalamika tumbo kila Jumatatu ilhali daktari haoni ugonjwa. Ni yule aliyekuwa mpole na sasa huwapiga wadogo zake. Kwa kuwa hana maneno ya kueleza linalomsumbua, mwili na tabia yake ndivyo vinavyosema.

TULIKOTOKA

Kenya haikuanza jana. Rais Daniel arap Moi alipotangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa mwezi wa Novemba 1999, shule ziliingiza mafunzo kuhusu ugonjwa huo. Walimu waligundua upesi kwamba mtoto anaweza kueleza jinsi virusi vinavyoambukizwa na bado ashindwe kumkataa anayemshawishi. Kujua hakukutosha, bali alihitaji pia kuzoezwa kutenda.

Mwaka 2001 serikali ilipiga marufuku kiboko shuleni, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikakataza adhabu ya viboko pamoja na mateso ya kiakili. Walimu wengi walilalamika kwamba wamenyang'anywa fimbo bila kupewa kitu kingine mkononi.

Kisha kukaja ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Eneo la Uasin Gishu na Trans Nzoia liliumia sana. Januari 1, 2008 watu waliokuwa wamekimbilia kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya Eldoret, waliteketezwa humo, wengi wao wakiwa akina mama na watoto. Shule zilipofunguliwa, watoto wa jamii zilizopigana walitakiwa kukaa dawati moja. Wizara ya Elimu ilianzisha mafunzo ya amani, na katika kipindi hicho hicho Taasisi ya Elimu Nchini (KIE), ambayo sasa ni KICD, ikaleta Stadi za Maisha kama somo linalojitegemea, kipindi kimoja kwa wiki.

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Somo halikuwa na mtihani wa taifa. Shule zilipimwa kwa alama za KCPE na KCSE, na mwalimu aliyekuwa amechelewa kumaliza silabasi ya sayansi aliona kipindi cha Stadi za Maisha kikimkonyeza katika ratiba. Katika shule nyingi kipindi kilibaki kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani.

Mtaala wa Umilisi, CBC, ulioanza kutumika nchini kote mwaka 2019, ulileta matumaini mapya. Miongoni mwa umilisi saba unaolengwa ni kuwasiliana na kushirikiana, kufikiri kwa makini na kutatua matatizo, na mtoto kujiamini na kuamini uwezo wake. Lakini masomo ya sekondari msingi yalipopunguzwa mwaka 2024 ili kuwapunguzia wanafunzi mzigo, Stadi za Maisha halikubaki somo la kusimama peke yake. Lilichanganywa na mengine. Kitu kilichochanganywa kila mahali ni rahisi kukosekana kila mahali, isipokuwa mtu fulani amepewa jukumu la kukitafuta.

JE, KUNA USHAHIDI KWAMBA YANAFAA?

Upo, na mwingine ni wa hapa hapa nyumbani. Kundi la watafiti wa Shamiri lilifanya majaribio na wanafunzi 413 wa shule za upili katika Nairobi na Kiambu, waliokuwa na dalili za huzuni au wasiwasi. Nusu yao walipewa mafunzo ya mambo matatu: kwamba mtu anaweza kubadilika na kukua, kutambua mema na kushukuru, na kuishi kwa kufuata maadili anayoyathamini. Wengine walifundishwa mbinu za kusoma. Mafunzo yalikuwa ya saa moja kwa wiki, kwa wiki nne. Walioyaongoza hawakuwa madaktari, bali vijana waliomaliza shule ya upili si muda mrefu uliopita, wakapewa mafunzo mafupi.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Makundi yote mawili yalipata nafuu, lakini waliopewa mafunzo ya Shamiri walipungukiwa na huzuni na wasiwasi zaidi, na tofauti hiyo ilionekana hata miezi saba baadaye. Tafakari jambo hilo, msomaji. Hapakuhitajika jengo jipya wala mashine. Palihitajika chumba, saa moja, na kijana aliyefunzwa kusikiliza.

Hata hivyo, tusitie chumvi. Nchini Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulihusisha wanafunzi wapatao 12,000, baadhi yao wakifundishwa kwa muda usiofika saa moja kwamba akili hukua kwa kutumiwa. Waliokuwa na alama za chini walipanda, lakini kidogo. Tena faida ilionekana zaidi katika shule ambamo wanafunzi wenyewe walithamini kujaribu mambo magumu. Yaani mbegu ni nzuri, lakini udongo nao una neno lake. Huwezi kumfundisha mtoto Jumanne kwamba anaweza, kisha Jumatano ukamwita mjinga mbele ya wenzake.

Kuhusu usalama wa wasichana, utafiti uliofanywa katika mitaa ya mabanda ya Nairobi na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wasichana waliofunzwa kukataa kwa sauti, kujinasua na kujitetea walishambuliwa mara chache kuliko awali, na zaidi ya nusu yao walisema walitumia mafunzo hayo kujiokoa. Utafiti mwingine wa baadaye katika shule za msingi haukuonyesha mafanikio makubwa kama hayo. Kwa hiyo mafunzo husaidia, lakini si hirizi, na hayawezi kumwondolea mtu mzima wajibu wake.

JINSI SHULE INAVYOWEZA KUANZA

Shule ya Moi's Bridge, ya Kitale, ya Webuye au ya mtaani kwako haihitaji kungoja mfadhili. Yafuatayo yamo ndani ya uwezo wa shule nyingi.

Kwanza, kipindi kilindwe. Dakika 40 kwa wiki, siku ile ile, na mwalimu mkuu atangaze mbele ya wazazi kwamba haziguswi hata wiki ya mtihani. Hasa wiki ya mtihani, maana ndipo watoto wanapoelemewa.

Pili, achaguliwe mwalimu ambaye watoto tayari humkimbilia. Kila shule ina mmoja. Huenda asiwe mwenye cheo. Afunzwe, na apunguziwe vipindi vingine.

Tatu, mazoezi yawe mengi kuliko maneno. Mathalani, siku ya somo la kukataa, wanafunzi wasimame wawili wawili. Mmoja aigize mtu mzima anayempa mwenzake lifti ya bodaboda jioni, au anayemwita ndani kuchukua zawadi. Mwingine azoee hatua tatu: kukataa kwa sauti, kuondoka, kumsimulia mtu mzima anayemwamini. Mara ya kwanza watacheka. Mara ya tano sauti itatoka. Mwalimu asisahau kuwaambia kwamba mtu akishikwa na hofu mwili unaweza kuganda, na kuganda si kosa lake.

Nne, wavulana wasiachwe nje. Mvulana ajifunze kwamba "hapana" ni jibu kamili, na kwamba kulia si kuwa dhaifu. Aidha azoezwe kutuliza hasira: kuvuta pumzi polepole akihesabu hadi nne, kuitoa akihesabu hadi sita, mara kadhaa, kabla ya kujibu. Shule zetu zimeshuhudia moto na migomo ya kutosha. Mwaka 2016 pekee zaidi ya shule 100 zilichomwa. Mwanafunzi asiyejua pa kupeleka malalamiko yake ni kuni kavu.

Tano, makundi yachanganywe. Sehemu hizi zina Wakalenjin, Wabukusu, Wakikuyu, Wateso, Waturkana na wengineo. Watoto watatue tatizo moja pamoja, kwa Kiswahili kinachowaunganisha, badala ya kila mmoja kujikunyata na wa kwao.

Sita, na hili ni la lazima, pawe na njia ya msaada kabla ya kipindi cha kwanza. Ukimfundisha mtoto kusema, atasema. Siku moja msichana atabaki nyuma darasani na kueleza jambo linalofanyika nyumbani kwao usiku. Mwalimu ajue siku hiyo hiyo atampigia nani katika ofisi ya watoto, hospitali ni ipi na polisi ni yupi. Kumfungua mtoto mdomo kisha kuziba masikio ni ukatili wa pili.

WEWE MZAZI UNAYESOMA

Shule peke yake haiwezi. Samaki mkunje angali mbichi, na anayemshika akiwa mbichi kabisa ni wewe.

Tenga dakika 15 kila jioni bila simu wala runinga. Badala ya kuuliza "Umepata ngapi?" uliza "Leo ni nini kilikufurahisha, na nini kilikuudhi?" Kisha nyamaza. Mtoto akianza kueleza kosa lake, usirukie fimbo. Ukimchapa kwa ukweli, kesho atakuletea uongo.

Sifu bidii kuliko akili. "Nimeona ulivyorudia hesabu ile mara tatu" humjenga kuliko "Wewe ni mwerevu," kwa kuwa siku atakaposhindwa hataona kwamba werevu umemhama.

Mfundishe kwamba hakuna siri ya mwili wake ambayo mtu mzima anaweza kumwagiza akufiche wewe. Mwambie hivyo leo, kwa maneno ya kawaida, na urudie baada ya mwezi.

Na ukigundua kwamba mtoto amenajisiwa, usimwogeshe wala kufua nguo alizovaa. Mpeleke hospitali mara moja, kabla ya saa 72 kupita, ili apewe dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi. Nambari 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Mfanye aikariri kama anavyokariri jina lake. Vilevile iko 1195 kwa waathiriwa wa dhuluma za kijinsia.

Mtoto akitamka kwamba hataki kuishi, usimkemee wala usidhani anatafuta kuhurumiwa. Kaa naye, ondoa dawa za mimea na kamba karibu naye, na umpeleke kwa mhudumu wa afya. Katika nyumba za wakulima, dawa ya kunyunyizia mahindi ifungiwe siku zote.

MASWALI MATATU YA MKUTANONI

Muhula huu utaitwa shuleni. Utapewa hesabu ya karo, utaonyeshwa alama, utaambiwa kuhusu bweni jipya au basi. Kabla ya maombi ya kufunga mkutano, inua mkono na uulize maswali matatu. Kipindi cha stadi za maisha ni siku gani, na mara ya mwisho kilifundishwa lini? Mtoto wangu akiwa na shida ambayo hawezi kuniambia mimi, hapa shuleni amwendee nani? Na mwalimu huyo akiambiwa, hufanya nini?

Ukipata majibu yenye majina na siku, mshukuru mwalimu mkuu mbele ya watu. Ukijibiwa kwamba mambo hayo "yamo katika masomo yote," usiketi bado.